Jinsi ya kusoma matokeo ya fedha ya kampuni ya gemu bila kupotezwa na idadi ya nakala

Mwaka 2025 Capcom ya Osaka iliwapa mashabiki wa gemu mtihani mzuri wa hesabu. Gemu yake Monster Hunter Wilds ilitoka 28 Februari, ikauza nakala milioni 8 ndani ya siku tatu na kuvuka milioni 10 kabla Machi haijaisha. Kisha ikaja ripoti ya Aprili hadi Juni: nakala 477,000 tu. Mitandaoni watu wakaanza kuandaa matanga. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba mapato ya kampuni yamepanda kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na robo kama hiyo mwaka uliotangulia, na faida ya uendeshaji imekaribia kuongezeka maradufu.

Namba zote mbili ni za kweli. Aliyeshika ya kwanza peke yake alisema kampuni inazama, aliyeshika ya pili peke yake alisema hakuna tatizo lolote, na wote wawili walikosea. Hapa chini ni namna ya kuzisoma pamoja. Nitarudi kwa Capcom mara kwa mara kwa sababu ni kati ya wachapishaji wachache wanaotaja mauzo gemu kwa gemu kwa idadi kamili. Wenzake wengi hutaja pale wanapopendeza.

Unachohitaji ni PDF ya ripoti, kikokotoo au Excel, na saa moja isiyo na usumbufu.

Hatua ya 1: Pata karatasi yenyewe

Usianze na habari ya mtu aliyesoma habari ya mtu mwingine. Kila kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa ina ukurasa wa wawekezaji kwenye tovuti yake, na matokeo yamo humo bure. Capcom, iliyo kwenye Soko la Hisa la Tokyo, huweka nyaraka kwa Kijapani na Kiingereza. Kampuni za Marekani kama Take-Two na Electronic Arts (EA) zinalazimika pia kuwasilisha hesabu kwa SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko: fomu 10-Q baada ya robo mwaka, na 10-K mwaka ukiisha. Ubisoft ya Ufaransa hutangaza mauzo kila robo lakini hesabu kamili, zenye faida na madeni, hutoka mara mbili tu kwa mwaka.

Kwa kawaida utakuta nyaraka tatu: taarifa ya hesabu yenye majedwali, slaidi za maelezo, na muhtasari wa maswali ya wachambuzi pamoja na majibu ya uongozi. Zisome kwa mpangilio huo. Slaidi zimetengenezwa na watu wanaotaka utoke umefurahi. Mchoro unaopanda hupewa ukurasa mzima na unaoshuka hupewa kona. Maswali na majibu ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, maana mchambuzi mzuri huuliza kilekile ambacho slaidi zimekiruka.

Hatua ya 2: Jua mwaka unaanza lini na namba zimeandikwa kwa kipimo gani

Hapa ndipo makosa mengi ya kijinga yanapofanyika, kwa hiyo usipite haraka.

Capcom, Nintendo, Take-Two, EA na Ubisoft wote hufunga mwaka wa fedha 31 Machi, kama inavyofanya Safaricom. Robo ya kwanza basi ni Aprili hadi Juni, na Krismasi iko robo ya tatu. Lakini majina ya miaka hayafanani. Miezi kumi na miwili iliyoishia 31 Machi 2025, Capcom inaiita mwaka wa fedha 2024, kwa kuwa ulianza 2024. Take-Two inaiita mwaka wa fedha 2025, kwa kuwa uliisha 2025. Ubisoft inaandika 2024-25 na kumaliza ubishi. Ukilinganisha “2024” ya mmoja na “2024” ya mwingine umelinganisha miaka miwili tofauti. Kwenye jedwali lako andika tarehe ya kufunga hesabu, achana na jina la mwaka.

Jambo la pili ni kipimo. Ripoti za Kijapani huandikwa kwa mamilioni ya yen. Ukiona mapato 169,604, hiyo ni yen bilioni 169.6. Idadi ya nakala nayo mara nyingi huwa kwa maelfu, kwa hiyo 477 kwenye safu ya gemu si watu mia nne na ushee.

La tatu: kampuni za Kijapani hujumlisha tangu mwanzo wa mwaka. Ripoti ya Januari itakupa Aprili hadi Desemba kwa pamoja. Ukitaka robo ya tatu peke yake, chukua miezi tisa utoe miezi sita. Mara nyingi vichwa vya habari vinavyosema “robo hii wameuza...” vimenukuu jumla ya miezi tisa.

Hatua ya 3: Mistari mitatu, kwa mpangilio

Ukurasa wa kwanza wa taarifa ya hesabu una mapato, faida ya uendeshaji na faida halisi. Mapato ni pesa yote ya mauzo. Faida ya uendeshaji ni kinachobaki baada ya kulipa waliotengeneza gemu, matangazo, ofisi na kazi zote za kila siku. Faida halisi ni kinachobaki baada ya riba, kodi na mambo ya pembeni.

Chukua mwaka wa Capcom ulioishia 31 Machi 2025. Mapato: yen bilioni 169.6, kutoka bilioni 152.4 mwaka uliotangulia. Faida ya uendeshaji: bilioni 65.8, kutoka bilioni 57.1. Gawanya faida ya uendeshaji kwa mapato: asilimia 38.8 safari hii, asilimia 37.5 mwaka wa nyuma. Hesabu hii ya mstari mmoja inakueleza mengi kuliko aya kumi za maelezo. Mapato yamepanda asilimia 11, faida imepanda asilimia 15. Maana yake kila yen mia inayoingia inaacha zaidi kidogo kuliko zamani. Kampuni inayokuza mapato huku asilimia hii ikishuka inanunua mauzo kwa gharama kubwa, na unapaswa kuuliza inanunua kwa nini.

Sasa tazama jirani. Take-Two, wenye Grand Theft Auto (GTA), mwaka ulioishia siku hiyohiyo walikuwa na mapato ya dola bilioni 5.63 na hasara halisi ya dola bilioni 4.48. Mtu akiona hivyo anadhani kesho wanafunga ofisi. Ukishuka kwenye mchanganuo unakuta dola bilioni 3.55 za hasara hiyo ni kushusha thamani ya kile kinachoitwa goodwill, yaani bei ya ziada ambayo kampuni ililipa juu ya thamani ya mali zinazohesabika ilipokuwa inanunua kampuni nyingine. Take-Two ilinunua Zynga, watengenezaji wa gemu za simu, mwaka 2022 kwa karibu dola bilioni 12.7, wakati soko la gemu za simu lilikuwa limepamba moto. Mwaka uliotangulia pia ilishusha zaidi ya dola bilioni 2 kwa namna hiyo. Hakuna aliyetoa noti mwaka huo. Pesa ilishatoka siku ya kununua.

Usiipuuze hasara ya namna hiyo hata hivyo. Ni kampuni kukiri kwenye vitabu kwamba ilichonunua hakina tena thamani iliyokilipia. Iweke kwenye safu yake, tofauti na hasara ya kuuza gemu.

Hatua ya 4: Tofautisha pesa iliyolipwa na mapato yaliyoandikwa

Kwenye ripoti za Marekani na ya Ubisoft utakutana na mstari unaoitwa net bookings, na pengine ndio utakaowekwa mbele kuliko mapato. Maana yake ni thamani ya kile ambacho wateja wamenunua katika kipindi hicho. Mapato ni kitu kingine. Kijana akinunua fedha za ndani za GTA Online leo, pesa imeingia leo, lakini kanuni za uhasibu zinasema kampuni bado inadaiwa huduma: seva lazima ziendelee kuwaka na yeye aendelee kucheza. Kwa hiyo sehemu ya pesa hiyo huwekwa kando kama mapato yaliyoahirishwa na kuingizwa kidogokidogo miezi inayofuata.

Kwa mwaka mtulivu tofauti huwa ndogo. Take-Two, mwaka huo wa fedha, bookings zilikuwa dola bilioni 5.65 dhidi ya mapato ya bilioni 5.63. Gemu kubwa ya mtandaoni ikitoka, namba hizi mbili huachana kabisa: robo ya uzinduzi bookings zinaruka juu na mapato yanafuata nyuma yakichechemea. Kanuni ya vitendo ni kwamba ukitaka kujua wateja walinunua kiasi gani, soma bookings. Ukitaka faida, rudi kwenye mapato. Na usichukue bookings za kampuni moja ukazilinganisha na mapato ya nyingine.

Hizi si kanuni za makaratasi tu. Novemba 2025 Ubisoft iliahirisha matokeo ya nusu mwaka saa za mwisho na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa Paris. Matokeo yalipotoka tarehe 21, chanzo kilikuwa namna ya kutambua mapato ya mkataba wa ushirikiano chini ya IFRS 15, kanuni ya kimataifa inayohusu jambo hilihili.

Hatua ya 5: Uliza nakala zimehesabiwa kwa nani

“Tumeuza milioni tano” inaweza kumaanisha mambo matatu.

Ya kwanza ni nakala zilizouzwa kwa maduka. Take-Two huandika wazi sold-in inapotaja GTA V, gemu ya Septemba 2013 ambayo imeshavuka milioni 200. Diski iliyoko rafuni bado inahesabiwa kuwa imeuzwa. Siku hizi sehemu kubwa ya mauzo ni ya kupakua, ambako dukani na kwa mchezaji ni kitu kimoja, kwa hiyo pengo limepungua. Zamani lilikuwa linaua. Atari ilijaza maduka ya Marekani kaseti, maduka yakashindwa kuzimaliza, na Desemba 1982 mmiliki wake Warner Communications alipotangaza kwamba faida itakuwa chini ya matarajio, hisa zake ziliporomoka. Baadhi ya kaseti hizo zilifukiwa kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na watu wakaenda kuzifukua mwaka 2014.

Ya pili ni nakala zilizomfikia mteja. Hii ndiyo safi zaidi, lakini hata hapa angalia marejesho. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 ikiwa na matatizo mazito kwenye konsoli za zamani, Sony iliiondoa kwenye duka la PlayStation na waliotaka kurudishiwa pesa wakarudishiwa.

Ya tatu si mauzo kabisa: “wachezaji”. Assassin's Creed Shadows ilitoka 20 Machi 2025, na Ubisoft ikatangaza wachezaji milioni 3 ndani ya wiki. Humo wamo waliolipia usajili wa mwezi wakaijaribu bila kununua nakala. Kampuni ikitaja nakala za gemu zake nyingi, halafu kwa gemu moja ikahamia kwenye wachezaji, saa za kucheza au idadi ya maadui waliouawa, jiulize namba ya nakala iko wapi.

Kuna na upande ambao hesabu hizi haziuoni. Kibanda cha gemu cha Buguruni au Githurai chenye foleni kuanzia shule zinapotoka hakimo kwenye ripoti ya EA. Mwenye kibanda alinunua diski moja, pengine ya mkono wa pili, na kila mechi inayolipiwa pale ni pesa yake. Diski ikiuzwa tena, mchapishaji hapati kitu. Ndiyo sababu mojawapo ya wachapishaji kupenda upakuaji na bidhaa za ndani ya gemu, ambazo hazipitishwi mkono kwa mkono.

Hatua ya 6: Geuza nakala kuwa pesa, kisha tenganisha gemu mpya na za zamani

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zilizotangulia ni kunoa panga.

Rudi kwenye robo ya Aprili hadi Juni 2025. Orodha ya Capcom ilionyesha Wilds nakala 477,000, na juu yake ikakaa Devil May Cry 5 yenye zaidi ya milioni 1.7. Gemu hiyo ilitoka Machi 2019. Kilichoiamsha ni mfululizo wa katuni wa Devil May Cry ulioanza Netflix Aprili 2025. Watu walitazama, wakaenda dukani, wakakuta gemu ya miaka sita ikiwa na punguzo kubwa.

Je, gemu ya zamani iliingiza pesa mara tatu ya Wilds? Piga hesabu. Wilds ilitoka kwa dola 70 Marekani. Duka la kidijitali huchukua asilimia 30 kwa kawaida. Steam, duka la gemu za kompyuta, hushusha hadi 25 gemu ikipita mauzo ya dola milioni 10, na 20 ikipita milioni 50. Tuchukue 30 kurahisisha: kwa kila nakala ya bei kamili mchapishaji anabaki na dola 49. Nakala 477,000 ni kama dola milioni 23. Sasa tukadirie kwamba gemu ya zamani iliuzwa dola 10 kwa wastani. Anabaki na dola 7, mara milioni 1.7, takribani dola milioni 12. Bei hiyo ya dola 10 ni makisio yangu kwa ajili ya zoezi tu, na Wilds nayo haiuzwi bei kamili kila nchi, lakini umeona kinachotokea: aliyeshika nafasi ya kwanza kwa nakala anaweza kuwa nyuma kwa pesa.

Halafu zamu inageuka tena ukiingiza gharama. Wilds ni gemu mpya, miaka ya kazi ya mamia ya watu pamoja na matangazo ya dunia nzima, na gharama hizo lazima zishushwe kwenye hesabu. Gharama za kutengeneza Devil May Cry 5 zilimalizwa vitabuni zamani. Zile dola milioni 12 za makisio karibu zote ni faida. Hapo ndipo unaelewa kwa nini robo ile Capcom ilipata mapato ya yen bilioni 45.5 na faida ya uendeshaji ya bilioni 24.6. Gawanya: asilimia 54. Kumbuka mwaka mzima uliotangulia ilikuwa 38.8. Robo isiyo na uzinduzi mzito, yenye gemu nyingi za zamani zinazouzwa kwa kupakua, inaweza kuacha faida nene kuliko robo ya shamrashamra.

Lakini usikimbilie kusema yote ni gemu za zamani. Robo ileile Street Fighter 6 ilitoka kwenye Nintendo Switch 2, iliyoingia sokoni 5 Juni. Na Capcom si gemu za nyumbani tu: ina kumbi za michezo, mashine za kumbi za kamari za Japani, leseni na mashindano. Fungua jedwali la idara. Kwa mwaka ulioishia Machi 2025 idara ya gemu ilileta karibu robo tatu ya mapato yote. Zilizobaki ziligawana robo. Faida ikiruka, angalia kwanza imerukia idara gani.

Fanya hivi kwa mwaka mzima pia. Capcom iliuza nakala milioni 51.87 za gemu zake zote katika mwaka huo ulioishia Machi 2025. Wilds, gemu iliyouza haraka kuliko zote katika historia yake, ilichangia milioni 10.1. Yaani takribani nakala nne kati ya kila tano zilitoka kwingine: Resident Evil za miaka ya nyuma, Street Fighter, Monster Hunter zilizotangulia. Capcom ina orodha ya gemu zilizovuka nakala milioni moja ambayo huisasisha kila robo. Pakua ya robo hii na ya robo iliyopita, toa moja kwa nyingine, na utaona kila gemu ya zamani imeongeza ngapi. Ni kazi ya dakika ishirini na karibu hakuna anayeifanya.

Je, kuanguka kwa Wilds kulikuwa habari mbaya? Kulikuwa. Kutoka milioni 10 ndani ya mwezi hadi laki nne na ushee kwa miezi mitatu si mteremko wa kawaida hata kwa gemu inayouzwa kwa kishindo mwanzoni. Wachezaji wa kompyuta walilalamikia utendaji wake waziwazi kwenye Steam, na Japani, nyumbani kwa Monster Hunter, PlayStation 5 ilikuwa imepandishwa bei hadi yen 79,980 tangu Septemba 2024. Kwangu hasara kubwa iko mbele. Gemu inayoharibu jina mwaka wa kwanza huingia kwenye kapu la zamani ikiwa dhaifu, na kapu hilo ndilo linalolipa mishahara. Monster Hunter: World ya 2018 iliendelea kuuzwa miaka na miaka. Swali la kufuatilia kuhusu Wilds ni itauza ngapi 2027 ikiwa na punguzo, na jibu hilo huwezi kulipata kwenye ripoti ya robo moja.

Angalia pia tarehe za uzinduzi. Monster Hunter Rise: 26 Machi 2021. Resident Evil 4 mpya: 24 Machi 2023. Dragon's Dogma 2: 22 Machi 2024. Wilds: 28 Februari 2025. Resident Evil Requiem ikapangiwa 27 Februari 2026. Capcom hupenda kupenyeza gemu kubwa kabla daftari la 31 Machi halijafungwa. Matokeo yake wimbi la kwanza la wanunuzi huangukia mwaka mmoja, na Aprili hadi Juni ya mwaka unaofuata gemu hiyohiyo lazima ionekane imepoa. Ulinganisho wa haki ni siku mia za kwanza za gemu moja na siku mia za kwanza za nyingine; robo kwa robo utakuonea.

Hatua ya 7: Soma makadirio, na soma sababu walizotaja wenyewe

Soko la hisa halilipi kwa yaliyopita. Kampuni nyingi hutoa makadirio ya mwaka, na bei ya hisa husogea kwa pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Capcom kwa mwaka wa kuishia Machi 2026 ilikadiria mapato ya yen bilioni 190 na faida ya uendeshaji ya bilioni 73. Mwishoni mwa kila robo gawanya kilichopatikana kwa makadirio hayo: bilioni 24.6 kati ya 73 ni theluthi moja ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa kampuni inayouza sana Februari na Machi, kufika theluthi Juni ni kasi nzuri.

Mfano ambao kila shabiki angepaswa kuusoma ni EA, Januari 2025. Kampuni ilishusha makadirio ya bookings za mwaka kutoka kati ya dola bilioni 7.5 na 7.8 hadi kati ya bilioni 7.0 na 7.15. Katika tangazo hilo ilisema Dragon Age: The Veilguard imepata wachezaji kama milioni 1.5 katika robo, karibu nusu ya ilivyotarajia. Mitandao ikalipuka, na kwa wiki nzima watu walibishana kuhusu Dragon Age peke yake. Tangazo lilisema pia kwamba sehemu kubwa ya punguzo hilo ilitokana na mpira wa miguu: EA Sports FC ilikuwa imepoteza kasi. Bila kuusoma mstari huo utabaki unalaumu gemu ya wachawi wakati kilichotikisika ni mpira, mgodi wa kampuni.

Mpira unatikisa kwa sababu mapato ya EA na Take-Two hayategemei nakala tena. Kwa Take-Two, karibu asilimia 80 ya bookings za mwaka huo zilitokana na matumizi ya kurudiarudia: fedha za ndani ya gemu, vifurushi vya ziada, gemu za simu. Kwa kampuni za aina hiyo, hatua ya 6 ifanye kwa kutenganisha nakala na matumizi ya ndani, badala ya mpya na za zamani.

Hatua ya 8: Chungulia mizania

Hii ni fupi. Mizania ni jedwali la mali na madeni ya kampuni. Tafuta mstari wa gemu zinazoendelea kutengenezwa. Kampuni nyingi hazihesabu mishahara ya watengenezaji kuwa gharama papo hapo. Huiweka kama mali hadi gemu itoke. Mstari huo ukikua mwaka hadi mwaka bila gemu kubwa kutoka, kuna mzigo unaosubiri kushushwa. Gemu ikifutwa, mzigo wote unashuka siku moja. Ndivyo pia kuahirisha kunavyogharimu: Take-Two ilisogeza GTA VI kutoka vuli ya 2025 hadi 26 Mei 2026, kisha Novemba 2025 ikasogeza tena hadi 19 Novemba 2026, na kila mwezi wa kusogeza una mishahara yake.

Kisha angalia fedha taslimu dhidi ya mikopo, na mtiririko wa fedha wa uendeshaji, yaani pesa taslimu inayoingia na kutoka kwa kazi za kila siku. Kampuni inayotangaza faida miaka mitatu mfululizo huku mtiririko ukiwa hasi inahitaji maelezo mazuri sana.

Hatua ya 9: Tengeneza jedwali lako

Safu zangu ni hizi: tarehe ya kufunga hesabu, mapato, faida ya uendeshaji, asilimia ya faida, nakala zote, nakala za gemu kubwa mpya, nakala za gemu tano za zamani, makadirio ya mwaka, na safu moja ya maneno ambamo naandika sababu iliyotajwa na kampuni yenyewe. Sarafu iache ilivyo. Ukigeuza yen kuwa dola au shilingi utakuwa unapima kupanda na kushuka kwa yen badala ya gemu.

Capcom hutoa matokeo ya mwaka katikati ya Mei, na ya robo nyingine mwishoni mwa Julai, Oktoba na Januari. Take-Two na EA hufuata wiki hizohizo au baadaye kidogo. Kwa EA, jaza safu mapema na uhifadhi PDF zake kwenye kompyuta yako: Septemba 2025 ilitangaza makubaliano ya kununuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, PIF, pamoja na Silver Lake na Affinity Partners. Kampuni ikishatoka kwenye soko la hisa haidaiwi tena kumwonyesha mtu yeyote wa nje ripoti ya robo mwaka.